Ngiri ya Kiwambo na Watu wa Eldoret

Miongoni mwa maradhi ambayo watu wa Eldoret huishi nayo miaka mingi bila ya kuyajua jina, ngiri ya kiwambo ina nafasi ya mbele. Kwa maana mtu akilalamika kuwa kifua kinamwaka baada ya chakula cha usiku, au kuwa maji machungu humpanda kooni kila alalapo, jirani yake humwambia papo hapo kuwa ana vidonda vya tumbo, muuzaji wa dawa humfungia vidonge vya siku tano, na yeye mwenyewe huridhika na jina hilo kwa sababu mji mzima unalijua. Huenda ana vidonda kweli. Huenda hana hata kimoja. Nia yangu ni kuieleza kadhia hii tangu mwanzo wake, kwa rai niliyoishika baada ya kuitazama kwa muda: kwamba ngiri hii, kwa wagonjwa walio wengi, ni kasoro ya mahali kabla ya kuwa ugonjwa wa asidi, na kwamba katika ardhi ya Uasin Gishu hatari yake kubwa haimo ndani yake yenyewe, bali imo katika ugonjwa mwingine uwezao kujificha nyuma ya jina lake.

Ngiri tuliyozoea kuisikia ni ile ya kinena au ya kitovu, ambayo huonekana kwa macho na hushikwa kwa mkono. Hii haionekani wala haishikiki. Kiwambo ni msuli mpana utenganishao kifua na tumbo: moyo na mapafu viko juu yake, ini, wengu na mfuko wa chakula viko chini yake. Umio, yaani njia ya chakula itokayo kooni, ambayo urefu wake kwa mtu mzima ni kadiri ya sentimita 25, hauna budi kukipenya kiwambo hicho ili ufike kwenye mfuko wa chakula, nao hupenya katika tundu lililozungukwa na nyama za kiwambo chenyewe. Tundu hilo likilegea na kupanuka, sehemu ya juu ya mfuko wa chakula hupanda ikaingia kifuani, mahali isipoumbiwa kukaa, na hiyo ndiyo ngiri ya kiwambo.

Ili kufahamu kwa nini kupanda huko kunaleta kiungulia, yafaa msomaji ajue kuwa mwisho wa umio hufungwa na misuli miwili kwa pamoja: mmoja ni wa umio wenyewe, nao hujikaza kutoka ndani, na wa pili ni ule wa kiwambo, ambao huubana umio kutoka nje kila mtu avutapo pumzi. Gunia lililofungwa kamba mbili mahali pamoja halimwagi nafaka. Lakini kamba moja ikipelekwa juu na nyingine ikaachwa chini, kila moja ikafanya kazi peke yake, gunia hilo halina amana tena. Ndivyo ilivyo kwa mwenye ngiri. Asidi ya tumboni, ambayo mfuko wa chakula umeumbiwa kuistahimili, hupanda katika umio ambao haukuumbiwa hivyo, ikauchoma. Asidi yenyewe yaweza kuwa ya kiasi cha kawaida kabisa. Iliyokosewa ni njia tu.

Matabibu huigawa ngiri hii mafungu manne, lakini kwa msomaji wa kawaida mawili yanatosha. Fungu la kwanza, ambalo ni takribani 95 katika kila 100, ni lile ambalo maungano ya umio na mfuko wa chakula huteleza kwenda juu na kurudi chini. Wengi wenye ngiri ya aina hiyo hawana dalili yoyote, na huambiwa kuwa wanayo wakati wakipimwa kwa jambo jingine. Fungu la pili ni adimu na lina hatari zaidi: maungano hubaki mahali pake, au hupanda kidogo, lakini upande mmoja wa mfuko wa chakula hupenya kando ya umio ukakaa kifuani, na kwa bahati mbaya yaweza kutokea mfuko huo ukajipinda na kukosa damu. Mtu aliyeshikwa na maumivu makali ya chembe cha moyo, akawa anajikamua kutapika na hakuna kitokacho, hana haki ya kungoja kuche.

Kuhusu sababu, umri ni wa kwanza, kwa kuwa nyama zizungukazo tundu hulegea kadiri miaka ipitavyo, na aghalabu maradhi haya huonekana baada ya miaka 50. Lakini umri hauko peke yake. Kila kinachoongeza shinikizo ndani ya tumbo hulisukuma tundu hilo kutoka chini: unene wa kiunoni, mimba, kikohozi cha muda mrefu, kujikamua chooni, na kuinua vitu vizito. Hapa ndipo Eldoret ina habari yake makhsusi. Uasin Gishu ni ghala la mahindi la Kenya, na gunia la mahindi nchini humu huhesabiwa kuwa kilo 90. Mtazame mpakizi wakati wa mavuno: wenzake wawili humtwika gunia mgongoni, naye huvuta pumzi, akaifungia kifuani, akakaza tumbo na shingo, akapanda ubao mwembamba mpaka juu ya lori, na haitoi pumzi hiyo ila gunia linapoanguka mahali pake, kisha hurudi kwa jingine, na jingine, mpaka jua linachwa. Siwezi kusema kuwa kila mpakizi ana ngiri, wala kazi hiyo haihesabiwi kuwa sababu kubwa kuliko unene. Nasema tu kwamba tabibu anayempokea mtu wa kazi hiyo mwenye kiungulia, akampa vidonge bila ya kumuuliza anafanya kazi gani, ameacha nusu ya tiba mlangoni.

Kuna kauli ya zamani, ambayo ilizaliwa katika Afrika Mashariki yetu hii, kwamba ngiri ya kiwambo ni ugonjwa wa watu wa Ulaya na Marekani na kwamba Mwafrika hana. Mwenye kauli hiyo alikuwa Denis Burkitt, mpasuaji mzaliwa wa Ireland aliyefanya kazi miaka mingi katika Uganda, kwanza Lira na kisha Mulago, na ambaye mwaka 1958 alieleza saratani ya watoto inayobeba jina lake hadi leo. Mwaka 1973, akiandika pamoja na mwenzake katika jarida la The Lancet, alitoa hoja kwamba wanaokula vyakula vilivyokobolewa hupata choo kigumu, hujikamua kwa nguvu, na kwa kujikamua huko mfuko wa chakula husukumwa kupita kiwambo; ilhali mla nafaka nzima, mboga na kunde hapati dhiki hiyo, na kwa hivyo ngiri ni haba kwake. Hoja hiyo ina nuru na ina upungufu. Upungufu wake ni kuwa maradhi yasiyotafutwa huhesabiwa kuwa hayapo, na katika siku za Burkitt mashine za kutafuta ngiri hii zilikuwa chache mno katika nchi zetu, tena watu hawakuishi wakafika umri wa kuipata kwa wingi wa leo. Nuru yake ni kuwa chakula cha Eldoret kimebadilika kuelekea kule kule alikokuogopea: ugali wa wimbi umeupisha ugali wa unga mweupe uliokobolewa, managu na kunde zimepishwa na chipsi za kando ya barabara, na kitambi ambacho baba zetu walikihusudu kwa matajiri sasa kiko kwa mwalimu, karani na dereva wa matatu. Sioni ajabu, basi, kwamba ngiri ambayo Burkitt aliiona kuwa ya wageni sasa iko nasi.

Dalili zake hazikomei kwenye kiungulia. Wako wanaopandwa na chakula kichungu mdomoni wakiinama kupalilia. Wako wenye kikohozi kikavu cha usiku, sauti ya mkwaruzo asubuhi, au pumu isiyosikia dawa. Na wako wazee, hasa wanawake, ambao ngiri yao ni kubwa na huwachubua ndani polepole bila ya maumivu, wakaishiwa na damu, wakatibiwa upungufu wa damu mara kwa mara na chanzo chake kisitazamwe. Tena yako mashaka ya kifua ambayo hayapasi kuitwa ngiri kwa haraka. Maumivu ya moyo huweza kufanana sana na kiungulia, na mtu aliyevuka miaka 40, mwenye shinikizo la damu au kisukari, akibanwa kifua pamoja na jasho, na maumivu yakaenda mkononi au tayani, mahali pake ni hospitalini kwa kipimo cha moyo. Vidonda vya tumbo navyo vipo kwa yakini, na tangu Barry Marshall na Robin Warren wa Australia waonyeshe mwaka 1982 kijidudu kisababishacho vingi kati yavyo, vina dawa ya kuviponya kabisa. Lakini dawa hiyo ya kijidudu haiurudishi mahali pake mfuko wa chakula uliopanda.

Nafika sasa kwenye jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo lililo zito kuliko yote. Eldoret imo katika ukanda wa Afrika, utokao Ethiopia hadi Afrika Kusini, ambamo saratani ya umio imekithiri kupita kiasi. Matabibu wa hospitali ya Tenwek, Bomet, waliandika mwaka 2002 kuwa saratani hiyo huwapata hata vijana wa huko, jambo ambalo ni nadra ulimwenguni. Nayo si ile saratani itokanayo na asidi kuuchoma umio miaka mingi, ambayo ndiyo iliyo nyingi kwa Wazungu wa Marekani na Uingereza. Ya kwetu ni ya jinsi nyingine, na sababu zake bado zinachunguzwa moja baada ya moja. Mwenye ngiri, basi, asiingiwe na hofu kuwa kiungulia chake ndicho kinachompeleka huko. La kuhofia ni jingine: kwamba dalili ya kwanza ya saratani hiyo, yaani chakula kukwama kifuani, yafanana na dalili za ngiri kwa mtu asiyechunguza, na mtu aliyezoea kwa miaka kumi kusema kuwa ana kiungulia, chakula kikianza kumkwama husema kuwa kiungulia kimezidi. Hununua dawa yenye nguvu zaidi. Hula uji akiacha ugali. Na anapofika kwa tabibu, hata uji haupiti.

Moja katika sababu zilizochunguzwa za saratani hiyo imo mikononi mwetu kila asubuhi. Mwaka 2016 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lenye makao yake Lyon, Ufaransa, lilitangaza kuwa vinywaji vya moto uliopita nyuzi 65 huenda vinasababisha saratani ya umio. Na mwaka 2019 ulichapishwa uchunguzi uliofanywa Eldoret penyewe, kwa ushirika wa shirika hilo, ulioonyesha kuwa wanaokunywa chai ya moto sana wako katika hatari zaidi kuliko wanaoisubiri ipoe. Mpaka wa Tanzania ukivuka, hali ni ile ile: wachunguzi waliopima vikombe vya watu wa Kilimanjaro waliona kuwa wengi huanza kunywa chai ikiwa katika nyuzi 70 na zaidi. Eldoret iko kadiri ya mita 2,100 juu ya bahari, hata maji yake huchemka kwenye nyuzi 93 hivi. Asubuhi zake ni za baridi, na mgeni haheshimiwi kwa chai iliyopoa. Mimina kikombe kutoka katika chupa ya chai, kiache juu ya meza mpaka mvuke wake upungue, na ukitie midomoni pale ambapo ulimi hauogopi. Ada hiyo haigharimu senti moja, na humfaa mwenye ngiri na asiye nayo.

Kwa kuwa dalili za ngiri na za saratani hiyo zaweza kufanana, kipimo cha kamera ni muhimu, na kipimo chenyewe hakistahili kuogopwa kwa kiasi watu wanavyokiogopa. Mgonjwa huambiwa asile tangu usiku. Hupulizwa dawa chungu kooni ili pafe ganzi, akalazwa kwa ubavu wa kushoto, akapewa pete ya plastiki aiume ili asiitafune mashine, kisha mpira mwembamba kuliko kidole, wenye taa na kamera kichwani, ukapitishwa taratibu akiagizwa ameze. Katika kioo cha pembeni umio huonekana mweupe wenye uwekundu hafifu, mpaka mahali ambapo rangi inageuka ghafla kuwa nyekundu iliyokolea. Huo ndio mpaka wa umio na mfuko wa chakula. Chini kidogo ya mpaka huo kiwambo hujibana kila mgonjwa avutapo pumzi, na umbali wa kati ya mpaka na mbano huo ukizidi sentimita mbili, tabibu ana hoja ya kusema kuwa ngiri ipo. Kazi yote haichukui zaidi ya dakika chache. Penye shaka ya ngiri kubwa, mgonjwa hunyweshwa pia uji mweupe wa bariamu akapigwa picha, ili umbo la mfuko mzima lionekane.

Katika matunzo, naanza na yale ambayo manufaa yake ni dhahiri. Kupunguza uzito kwa mwenye kitambi ni tiba kuliko kidonge, kwa sababu kunaondoa shinikizo lenyewe. La pili ni saa ya chakula: tumbo lahitaji kadiri ya saa tatu kabla ya mtu kulala, na desturi ya Eldoret ya kula ugali na nyama saa nne za usiku kisha kwenda kitandani ndiyo inayowaamsha watu usiku wa manane wakikohoa. Katika Ramadhani mwenye ngiri afuturu kidogo kidogo, na baada ya daku asijilaze mara moja. La tatu ni kitanda: miguu yake ya upande wa kichwa iinuliwe kwa matofali au vipande vya mbao kadiri ya sentimita 15 hadi 20, ili mwili mzima uelekee chini; mito miwili chini ya kichwa haitoshi, kwa kuwa huikunja shingo na tumbo na kuzidisha dhiki. Kulala kwa ubavu wa kushoto kunafaa kuliko wa kulia. Mkanda usikazwe, kupalilia kusifuate chakula, na choo kilainishwe kwa mboga, kunde, matunda na maji, ambapo Burkitt hakukosea. Wanariadha waliojaa Iten na Kaptagat, ambao huamka alfajiri wakakimbia kabla ya kula na kunywa chai baada ya kurudi, wamefuata bila ya kuagizwa ratiba ambayo tabibu angemshauri mkimbiaji mwenye ngiri.

Kuhusu vyakula vya kukatazwa, sipendi orodha ndefu zinazopigwa muhuri kwa kila mgonjwa. Sigara na pombe ziachwe, hilo halina mjadala, na busaa na chang'aa zaidi, kwa kuwa katika nchi hii zina kesi nyingine ya kujibu mbele ya umio. Mafuta mengi huchelewesha chakula tumboni. Zaidi ya hapo kila mtu ajichunguze: huyu hudhuriwa na mursik, yaani maziwa ya mgando, yule hunywa kibuyu kizima na halali vibaya, huyu hawezi nyanya wala kahawa, yule huvila vyote. Maziwa matupu, ambayo wengi huyanywa usiku ili kuzima moto, huleta faraja kwa muda mfupi, kisha huliamsha tumbo kutoa asidi nyingine.

Dawa za jamii ya omeprazoli, zilizotokea sokoni mwaka 1988, ni neema kubwa ikiwa zitatumiwa kwa taratibu yake. Kidonge humezwa nusu saa kabla ya kifungua kinywa, kila siku, kwa wiki nne hadi nane, kisha tabibu hutazama kama kuna haja ya kuendelea. Kukimeza pale tu maumivu yanapokuja, tena juu ya shibe, ni kupoteza fedha. Kukimeza miaka mingi bila ya kuangaliwa nako kuna taathira zake: upungufu wa vitamini B12 na magnesiamu, na mifupa iliyo dhaifu. Mgonjwa amweleze tabibu dawa zake zote, kwa kuwa diklofenaki na ibuprofeni, ambazo huuzwa kwa kila maumivu ya mgongo, hudhuru umio na tumbo, na baadhi ya dawa za shinikizo la damu hulegeza mlango wa umio. Asiziache kwa rai yake, bali aulize kama kuna nyingine badala yake.

Upasuaji ni wa wachache. Unawahusu wenye ngiri kubwa ya pembeni inayowasumbua, wenye kutokwa na damu, na wale ambao dawa na matunzo yamewashinda baada ya kujaribiwa kwa haki. Asili yake ni kisa cha ajabu: Rudolf Nissen, mpasuaji Mjerumani wa asili ya Kiyahudi aliyeihama nchi yake mwaka 1933 akapokewa Istanbul, alimfanyia kijana mmoja huko upasuaji wa umio, akauzungushia sehemu ya juu ya mfuko wa chakula ili kuulinda mshono, baadaye alitambua kuwa yule kijana hakupatwa tena na kiungulia, na mwaka 1955, akiwa Basel, aliifanya kazi ile ile kwa makusudi ya kuzuia asidi. Leo hufanywa kwa matundu madogo na kamera. Mfuko hushushwa, tundu la kiwambo hushonwa, na umio huvikwa. Mgonjwa ajue mapema kuwa wiki za kwanza atakula vyakula laini, kuwa huenda tumbo likajaa gesi na kucheua kukawa kugumu, na kuwa kwa baadhi ya watu ngiri hurudi.

Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, iliyoko Barabara ya Nandi, ilianza mwaka 1917 ikiwa hospitali ndogo ya vitanda 60. Leo ndiyo hospitali ya mafunzo ya madaktari wa Chuo Kikuu cha Moi, na watu wa nusu ya magharibi ya Kenya huitegemea. Elimu ipo karibu nasi, basi, wala hatuhitaji kuisafiria Nairobi. Wewe uliyeko Eldoret, Turbo, Moiben, Ziwa au Burnt Forest, kama chakula kinakukwama kifuani, kama umekonda bila ya kukusudia, kama umetapika damu au choo chako kimekuwa cheusi, usinunue pakiti nyingine ya vidonge kwa jina la kiungulia wala la vidonda. Nenda katika kituo cha afya kilicho karibu nawe wiki hii, uombe barua ya rufaa ya kupimwa kwa kamera, na uchukue pamoja nawe dawa zote ulizokuwa ukizimeza.